Shuwa ya Mtu wa Bara

Mji mzima wa Ibra, Oman, hakuna mtu aliyeulizwa habari za serikali zaidi ya Masika, na Masika hajapata kuwa hata mjumbe wa nyumba kumi.

Alikuwa mtumishi wa nyumbani, mzaliwa wa Matombo katika milima ya Uluguru, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfupi, mwepesi wa kazi na mzito wa kukasirika. Kazi yake kwa Bi Tamima ilijulikana: kumpikia, kumpaka mafuta ya miguu asubuhi na jioni, kumsindikiza soko la wanawake kila Jumatano, na kumchunga asile tende zaidi ya tatu kwa sababu ya sukari. Kazi ya pili haikuandikwa kwenye mkataba. Hiyo ilikuwa kuijibia Tanganyika.

Bi Tamima na shoga yake Bi Nahla walizaliwa Unguja mjini, wakaondoka wasichana mwaka wa sitini na nne, na jambo lile halijawatoka mpaka leo. Kila siku saa nne za asubuhi, isipokuwa Ijumaa, Bi Nahla huja na mkongojo wake kunywa kahawa kwa mwenziwe. Siku ya kwanza alipomwona Masika alimtazama kuanzia ushungi mpaka ndara, akamuuliza katokea wapi. Masika, kwa kuwa hakujua anachokichokoza, akasema kweli.

"Morogoro, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Bara hiyo," alisema Bi Nahla, akakiweka kikombe chini. "Basi karibu, Balozi. Tuna maneno na nyie."

Maneno yenyewe yakachukua miaka miwili. Bei ya karafuu ikishuka, anaulizwa Masika. Umeme ukikatika Unguja, Bi Nahla, ambaye hupata khabari zote kwenye simu kutoka kwa wapwa zake, huja amekunja uso na kutaka maelezo. Muungano uliulizwa wiki nzima, na jawabu halikupatikana. Aliulizwa mpaka kwa nini mbu wa siku hizi hawasikii moshi. Masika alijaribu kueleza kuwa mwaka ule wa sitini na nne mama yake alikuwa bado ananyonya, tena mlimani, kwa watu ambao hata bahari hawajaiona. Haikumfaa kitu.

"Mlianza wadogo," alisema Bi Nahla.

Yote hayo Masika aliyamudu, maana yalikuwa ya kipuuzi na mara nyingine yalimchekesha alipokuwa peke yake jikoni. Lililomuudhi hasa lilikuwa la mapishi. Kwa wazee wale, mtu wa bara anajua kupika vitu viwili tu, ugali na maji ya moto. Siku aliyowaambia kwamba kwao Matombo karafuu, mdalasini na pilipili manga vinaota nyuma ya nyumba, Bi Tamima alidhani ni mzaha. Bi Nahla yeye alikasirika kikweli.

"Hata karafuu mmechukua," alisema.

Mtu angedhani Masika anahesabu siku za kuondoka. Wapi. Alimpenda Bi Tamima, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Bibi yule alikuwa na kicheko cha msichana, alimfundisha kudarizi kofia, na alimsifu kila tundu alilolipatia, ingawa kila sifa aliifunga kwa "mkono wa bara lakini." Tena Masika hakuwa na pengine pa kwenda. Kabla ya hapa alikuwa mji wa Sur kwa watu walioona anakula sana, wakamrudisha kwa wakala baada ya miezi miwili. Wakala alikwisha kumwambia wazi kuwa akirudishwa mara ya pili, ni tiketi ya Dar es Salaam na kwaheri. Na mkataba wake kwa Bi Tamima ulikuwa unamalizika mwezi ule ule wa Idi Kubwa.

Mwenye kuamua alikuwa Lamya, binti wa Bi Tamima, mwalimu wa hesabu, aliyezaliwa Oman na kukijua Kiswahili kwa kukisikia kwa mama yake.

"Mama akifurahi na hii Idi, wewe unakaa," alimwambia Masika. "Mama hajafurahi, khalas, mimi siwezi fanya kitu."

Basi Masika aliingoja Idi kwa hofu.

Idi Kubwa Ibra ni shuwa, na shuwa si nyama ya haraka. Mbuzi huchinjwa, nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha hutiwa ndani ya mkoba uliosukwa kwa majani ya mtende. Mikoba ya mtaa mzima hushushwa kwenye tanuri moja lililochimbwa ardhini, likafukiwa, nyama ikalala humo siku mbili. Kila nyumba huweka alama yake, kibati chenye jina kilichofungwa kwa waya, ili kila mtu apate chake. Kuitia na kuitoa ni shughuli ya wanaume. Viungo ni vya wanawake, na kwa viungo hivyo mwanamke husemwa mwaka mzima, kwa wema au kwa ubaya.

Mwaka huu mikono ya Bi Tamima ilikuwa inatetemeka hata kushika kijiko ni tabu. Lamya hakupata kukoroga viungo maishani mwake. Kwa hivyo, baada ya kuhema mara mbili, Bi Tamima alimsogezea Masika kinu na sinia la nyama.

"Usinitie aibu," alisema. "Wakwe wa Lamya wanakuja kutoka Nizwa."

Harub, mume wa Lamya, ndiye aliyemleta mbuzi kutoka soko la Nizwa, na njiani akapita Birkat al Mauz kuchukua majani ya mgomba. Alipoyatua jikoni, Masika alihisi yuko kwao. Aliyapitisha motoni mpaka yakalainika, yasipasuke. Alitwanga thomu, bizari nyembamba, iliki na pilipili, akaongeza siki, akazidisha karafuu na pilipili manga kwa kipimo cha mama yake, akaipaka nyama mpaka ndani ya mifupa. Aliifunga mara mbili, akaitia kwenye mkoba, na mdomo wa mkoba akaukaza kwa kamba za mgomba, fundo juu ya fundo, kama wanavyofunga kwao mizigo ya kuteremka nayo mlimani kichwani.

Bi Nahla alipita kukagua. Aliubonyeza mkoba kwa mkongojo.

"Hii nyama unaipeleka posta?" aliuliza, akaenda kwake kufunga wa kwake, maana yeye, macho yalivyopungua na kiburi kilivyobaki pale pale, hakukubali mkamwana wala mtumishi amsaidie.

Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, Harub alirudi kutoka tanurini amebeba mkoba mweusi kwa masizi. Masika aliutazama mara moja tu akajua. Ulikuwa umezungushwa waya kama mtu aliyefunga gizani, upande mmoja uko wazi, na ndani majivu yamejaa. Kibati hakuna.

"Bwana Harub, huu si wetu."

"Ni yetu," alisema Harub, akijipangusa. "Imebaki mikoba mbili, haina jina, vile vibati imeanguka kwenye moto. Moja imefungwa vizuri, mafundo sawasawa, yaani kazi safi. Ya pili ovyo ovyo tu. Nikafikiri, hii safi ya Bi Nahla, mtu wa Zinjibar, nikapeleka kwake. Hii ovyo ndiyo yetu, kwa sababu imefunga mtu wa bara."

Alisema hayo bila kinyongo hata chembe, kwa furaha ya mtu aliyepata jawabu la hesabu, akaenda kuoga. Masika alibaki na ule mkoba asijue aanze na kulia au na kucheka.

Alimfuata Bi Tamima chumbani kumweleza. Bi Tamima alikuwa anajifukiza udi.

"Hujaifungua ushaanza kuikana?" aliuliza.

Akamwendea Lamya. Lamya alikuwa na sinia mkono huu na simu mkono ule.

"Masika, tafadhali. Wageni mlangoni."

Wakwe wa Nizwa wakala. Nyama ilikuwa ngumu, chumvi imezidi, na kila tonge lilikuwa na mchanga unaosikika mpaka kwa jirani wa mlaji. Mkwe mzee alitafuna kwa subira, akanywa maji, akausifu wali. Bi Tamima alingoja mpaka wageni wakaondoka.

"Nimeaibika na uzee wangu," alisema mwisho.

Jioni ile Masika alipokuja na mafuta, Bi Tamima aliivuta miguu yake chini ya shuka. Hilo lilimuuma Masika kuliko miaka yote miwili ya ubalozi. Alisimama na kile kichupa mkononi, akaona ana hasira na kila mtu, na hasira kubwa zaidi na nafsi yake kwa kutaka kumbembeleza. Lamya alimkuta jikoni.

"Kesho jioni nampigia wakala," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Alasiri tunaenda kwa Bi Nahla kwanza, yaani Idi, lazima. Usimwambie Mama nimekwambia."

Kwa Bi Nahla kesho yake kulijaa wanawake wa mtaa, wameketi kuzunguka masinia ya wali na shuwa. Masika, aliyechukuliwa kusaidia kumimina kahawa, aliisikia harufu kabla hajavua ndara. Karafuu ile aliijua. Pilipili manga ile aliijua. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yake, imekaa katikati ya sebule ya Bi Nahla inapokea sifa.

"Nyama inaachana na mfupa yenyewe," alisema mmoja.

"Huu ndio mkono wa Unguja," alisema mwingine, na wote wakaitikia. Bi Nahla alikuwa anatazama dari.

Bi Tamima alitia tonge, akasita. Akatia la pili. Kisha akaacha kula, akabaki anatafuna polepole, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyepishana naye njiani.

Birika likaisha. Masika akaingia jikoni kulijaza, na pale sakafuni, pembeni ya pipa la takataka, akauona mkoba wake na kamba za mgomba bado zimo kwenye mafundo. Hajainama kuuokota mlango ukafungwa nyuma yake. Bi Nahla alikuwa amekuja mbio, na mkongojo kauacha sebuleni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, Bibi."

"Mie nilijua pale nilipokata kamba. Fundo kama lile sikulifunga tangu nizaliwe." Alikaa kitako juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akashika magoti. "Nikasema nirejeshe. Nikaonja kidogo, nipate kujua ya nani. Nikaonja tena. Mara wageni hawa hapa."

"Wakaisifu."

"Wakaisifu, wallahi. Miaka kumi sasa hapana anayeisifu shuwa yangu. Chumvi siioni, natia kwa kukisia." Alitazama mlango. "Haya, nambie. Unataka nini unyamaze?"

Masika hakuwahi kuwa na kitu anachokitaka Bi Nahla. Alisikia raha ambayo baadaye aliionea haya, lakini wakati ule aliifaidi.

"Nataka uniondolee mwaka wa sitini na nne."

"Wote?"

"Wote. Na umeme, na bei ya karafuu, na mbu."

"Mbu chukua. Na Muungano?"

"Na Muungano."

"Muungano siwezi, Balozi. Nitabaki na nini asubuhi?"

"Basi Muungano uniulize Ijumaa tu."

"Ijumaa mie siji."

"Ndiyo maana nimesema Ijumaa."

Bi Nahla alimtazama kwa jicho jipya. Walivutana hivyo kwa dakika mbili tatu, kwa kunong'ona, mmoja kakaa juu ya mbuzi na mwingine kashika birika, mpaka wakapatana: kuanzia leo hadi Idi Ndogo, Masika hataulizwa jambo lolote lililotokea kabla hajazaliwa. Bi Nahla akauliza kazaliwa lini. Akaambiwa themanini na sita. Akahesabu kwa vidole.

"Umenichukulia miaka ishirini na mbili mizima," alisema kwa uchungu.

Masika akacheka. Na katika kule kucheka akakumbuka, kicheko kikamfia mdomoni.

"Haikugharimu kitu, Bibi. Jioni hii wananirudisha kwa wakala."

"Nani?"

"Dada Lamya. Bi Tamima kaaibika kwa wakwe. Nyama ilikuwa na mchanga."

Ilimchukua Bi Nahla muda kuelewa, maana ilibidi kwa fikra atoke tanurini na mkoba wake mwenyewe, apite nao mlango wa Bi Tamima, akae nao mbele ya wakwe wa Nizwa.

"Kwa nyama yangu?"

"Kwa nyama yako."

"Na hukuwambia?"

"Nilisema. Kwani mie nani wa kusikilizwa?"

Sebuleni watu walicheka jambo. Bi Nahla alikuwa anaiangalia mikono yake.

"Nilikuwa nimebakisha mwezi mmoja nifanye mtihani," alisema. "Wa ualimu. Kalamu nishanunua. Tukaondoka na nguo za mwilini, na mtihani nisiufanye mpaka leo. Waliofanya yale sikuwaona sura hata mmoja. Miaka sitini nina ghadhabu na watu nisiowajua. Ukaja weye, una sura, una jina, unamimina kahawa. Nikasema, hewala, huyu hapa."

"Pole, Bibi," alisema Masika, na ilikuwa pole ya kweli. "Lakini mtihani wako mie sikuuchukua. Nimekuja hapa kumpaka Bi Tamima mafuta ya miguu. Ikiwa nitarudishwa, nirudishwe kwa makosa yangu. Nayo ninayo, mtu asidhani sina."

Akamimina maji ya kahawa kwenye birika, akafungua mlango, akatoka. Hakungoja jawabu, maana aliona akingoja atalia, na wageni walikuwa wengi.

Bi Nahla alitoka nyuma yake akitambaa na ukuta. Alikaa mahali pake. Aliangalia sinia, ambalo sasa lilikuwa mifupa mitupu, akakohoa.

"Tamima," alisema, "nasikia mtumishi wako humtaki. Nipe mie."

Lamya alimkazia Masika macho, na Masika akakazia macho birika.

"Weye?" alisema Bi Tamima. "Mtu wa bara, ndani ya nyumba yako?"

"Nimezeeka. Nataka msaidizi."

"Nahla." Bi Tamima aliweka kikombe chini. "Nimekujua tangu skuli. Kupika hujui, ulikuwa hujui, na mumeo Mungu amrehemu alikuwa akila kwetu. Nyama hii kaipika nani?"

Hapo Bi Nahla angeweza kusema uongo, na wanawake wote wale wangeukubali kwa heshima ya umri wake. Masika alikwisha kunyamaza kama walivyopatana. Fundo lilikuwa jikoni, mlango umefungwa. Bi Nahla alipangusa midomo kwa ncha ya kanga.

"Huyo hapo," alisema, akamwonyesha Masika kwa kidevu. "Harub alibadilisha mikoba. Mie nilijua, nikanyamaza, nikala sifa za mtu siku mbili. Na ile ya mchanga mliyowalisha wakwe ni yangu mie, mkono wa Unguja."

Mtu mmoja alianza kucheka akajizuia. Lamya alijishika kichwa. Bi Tamima aligeuka polepole, mwili mzima, mpaka akamwelekea Masika, na uso wake ulikuwa wa hasira.

"Na weye kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Bibi."

"Ulisema lini?"

"Kwa Bwana Harub, alipouleta. Kwako, ukijifukiza udi. Kwa Dada Lamya, wageni wakiwa mlangoni."

Bi Tamima akaukumbuka ule udi, na kile alichosema akijifukiza. Hasira ikamtoka usoni, na ikabaki sura ya bibi mzee aliyekosa, ambayo Masika hakupata kuiona na hakuipenda kuiona.

"Kweli," alisema Bi Tamima. "Ulisema." Kisha, mbele ya mtaa mzima, mtu ambaye hata kwa bintiye hakuzoea kuomba radhi, akasema, "Nisamehe."

Masika alikuwa na majibu. Miaka miwili aliyatengeneza akikosha vyombo, makali, yenye vituo vizuri, moja kwa kila tusi. Alitafuta hata moja akalikosa. Machozi yalimtoka yenyewe, akayafuta kwa mkono usio na birika, akajichukia kwa kuyatoa.

"Lamya," alisema Bi Tamima, bado anamtazama Masika. "Huyo wakala mpigie. Mwambie mkataba mwingine wa miaka miwili." Akaongeza, "Kama mwenyewe anataka."

Wote wakamgeukia. Bi Nahla naye alinyoosha shingo, na ingekuwa uongo kusema hakuombea jibu la hapana.

"Nataka, Bibi," alisema Masika. "Lakini siku nikisema kitu, nisikilizwe."

"Utasikilizwa," alisema Bi Tamima.

Alisogea upande, taratibu kwa sababu ya miguu, akaupigapiga mkeka pale ubavuni pake, akamwambia Lamya apokee birika la Masika azungushe kahawa.